Kikundi chetu kiseme nini kuhusu mbegu za GMO?

Katibu, Butula: Ndugu zangu, kikundi chetu cha wakulima huku Busia kinataka kuamua msimamo wake kuhusu mahindi na muhogo wa GMO, yaani mimea iliyobadilishwa jeni kitaalamu. Wazee wanasema vyakula hivyo huleta saratani, ilhali vijana wanashikilia kwamba serikali iliondoa marufuku mwaka 2022 na mjadala ukaishia hapo. Nimeombwa niandae maelezo. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Ahero: Ndugu katibu, hofu ya saratani ilipata nguvu Septemba 2012, Mfaransa Gilles-Éric Séralini alipochapisha utafiti wenye picha za panya waliolishwa mahindi ya GMO wakajaa uvimbe, na Novemba mwaka huohuo Kenya ikapiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO. Mwaka 2013 jarida lenyewe liliuondoa utafiti huo, kwa kuwa panya walikuwa wachache mno, tena wa aina inayoota uvimbe kwa urahisi wakizeeka. Picha bado zinazunguka kwenye simu zetu. Habari ya kuondolewa haikupata wa kuisambaza. Vijana nao wanajidanganya, kwani Mahakama ya Rufani ilisimamisha utekelezaji wa uamuzi ule wa 2022 mnamo Machi 2025, rufaa ikisubiri kusikizwa.

Mama Pamba, Nyando: Mimi hulima pamba ya Bt, iliyoidhinishwa Desemba 2019. Funza wa vitumba akiitafuna hufa, kwa sababu mmea umetiwa jeni ya bakteria wa udongoni, lakini vidukari hauwadhuru hata kidogo, kwa hiyo bomba la dawa sijaliuza. Hakuna jirani aliyewahi kuniuliza habari za saratani, labda kwa kuwa pamba hailiwi, ingawa mashudu yake tunawalisha ng'ombe. Kilio chetu ni mbegu: ni chotara, hivyo huwezi kuweka za msimu uliopita ukatarajia mavuno yaleyale, na kuna msimu zilitufikia mvua ikiwa imekwisha kukolea.

Mwalimu wa Ahero: Mama amegusa penyewe. Ndiyo maana muhogo usiujadili pamoja na mahindi. Ule uliobuniwa kustahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia hupandwa kwa vipande vya shina, ambavyo jirani anaweza kumkatia jirani, ikiwa masharti yataruhusu.

Katibu, Butula: Ahsanteni sana. Basi tutaanza na muhogo. Kwa mahindi, wazee watauliza hili: upepo ukileta chavua kutoka shamba la jirani aliyepanda GMO ikachanganyika na mahindi yangu, na mimi huweka mbegu zangu za kienyeji kila mwaka, nimdai nani?

Mama Pamba, Nyando: Liandike hivyo hivyo, mwanangu, mumpelekee afisa wa kilimo wa kaunti awajibu kwa maandishi kabla hamjapiga kura.