Mjadala: Def Jam ikirudi, ifuate Fight for NY au Icon?

Wazee wa pedi za gemu wa Mombasa, kuanzia Majengo hadi Bamburi, hili nalileta hapa tulijadili hadi kieleweke. Maskani ikishamaliza mambo ya mpira na mtu akataja gemu za kupigana, lazima Def Jam izuke, na papo hapo watu hugawanyika. Kuna wasemao mfululizo ule ulikufa siku ilipotoka Icon. Wengine, hasa wadogo zetu walioanzia PlayStation 3, wasema Icon haina kosa ila kuja nyuma ya gemu tuliyoipenda tukiwa wadogo. Mimi nasema Icon ilituangusha, tena vibaya, lakini sababu yangu si ile inayotajwa kila siku.

Kwa asiyezifuata: Def Jam ni lebo kongwe ya hip hop ya Marekani. Mwaka 2003 kampuni ya gemu ya EA ilitoa Def Jam Vendetta, wasanii wa lebo hiyo wakipigana mieleka. Mwaka 2004 ikafuata Fight for NY, Snoop Dogg akiwa adui mkuu kwa jina la Crow. Zote mbili zilipita mikononi mwa AKI wa Japani, mafundi walewale wa gemu za mieleka za Nintendo 64. Kisha Machi 2007 ikaja Icon, ya PlayStation 3 na Xbox 360, na kazi ikapewa EA Chicago, studio iliyotoka kutamba na ndondi za Fight Night Round 3.

Tuanze na ile ya 2004, maana ndiyo kipimo. Ilikuwa na mitindo mitano: ngumi za mtaani, kickboxing, karate na jamaa zake, mieleka, na kukaba viungo. Mhusika wako uliweza kumchanganyia hadi mitatu. Aliyechanganya mieleka na kukaba alipigana kwa namna ambayo mwenzake wa kickboxing haijui hata kidogo, ikabidi kila mmoja amsome mwenziwe. Halafu angalia namna ya kumaliza pambano. Hukuweza kumdonoadonoa mtu kwa vikofi mpaka aanguke. Hata damu yake, yaani uhai wake kwenye gemu, ikikaribia kwisha, ulitakiwa umpate kwa kitu kizito: umbamize ukutani, umtwange kwa silaha, umkabe hadi asalimu amri, au ujaze mita yako ya nguvu umfanyie lile pigo lako maalumu. Kabla ya hapo alikuwa na nafasi ya kukuponyoka na kuugeuza mchezo wote.

Mnalikumbuka pambano la stesheni ya treni? Umemsukuma mpaka ukingoni, treni yaja, umemkamata barabara, naye anabonyeza vitufe kwa nguvu zote ajinasue. Akijinasua, wewe ndiye unayerushwa relini. Hapo kibanda kizima cha gemu kilisimama, pamoja na wale waliokuwa wakisubiri zamu yao ya FIFA. Na mashabiki wa ndani ya gemu nao hawakukaa kutazama tu: ukiangukia kwao wanakushika ili mwenzako akutandike. Ulingo ulibeba hadi watu wanne. Kwenye vibanda vyetu vya pedi mbili, wawili wengine walichezwa na mashine, na vurugu ilikuwa tamu vilevile.

Sasa Icon. Kwa macho iliipita ile ya 2004 kwa mbali, hilo halina ubishi. Mstari wa damu uliondolewa kwenye skrini, ukawa unamtazama mtu mwenyewe kujua kaumia kiasi gani. Kuta na mitambo vilitikisika kwa mdundo. Unashika kitufe, unazungusha kijiti cha pedi kama DJ anayekwaruza sahani, na pampu ya petroli yalipuka. Mara ya kwanza kila mtu hupiga ukelele.

Lakini chini ya urembo ule pambano lenyewe lilikonda. Mieleka kwishne. Kuchanganya mitindo kwishne. Wapiganaji wawili tu, basi. Miili ikawa mizito, ngumi inafika baada ya wewe kuikatia tamaa, na mitindo ilipewa majina tofauti huku mkononi ikikaribia kuwa kitu kimoja. Ngumi zikikosa utajiri, mtu hutafuta njia ya mkato, na njia ya mkato ya Icon ilikuwa ni kumsogeza mwenzako penye kulipuka na kuita mdundo. Aliyefanya mazoezi hakuona faida ya mazoezi yake. Hiyo ndiyo sababu yangu. Wasanii kubadilishwa, pamoja na hadithi ya kusimamia lebo, kugawa bajeti ya nyimbo na kadhalika, hayo ningeyavumilia yote kama mikono ingeachiwa kazi.

Karibuni. Anayepinga apinge kwa hoja.

JIRANI WA TUDOR: Kaka, shikamoo kwanza, naona wewe ni mkubwa wangu. Lakini mbona treni umeisifu na pampu umeilaumu? Zote mbili zamwondoa mtu kwa mpigo. Tena treni ya Fight for NY humaliza pambano palepale hata kama mtu ana damu tele! Hapo ujuzi uko wapi?

MWANA LIKONI: Mimi naitetea Icon. Hiyo ya 2004 ungeweza kutoa hip hop yote ukaweka muziki wowote, na pambano lisibadilike hata chembe. Wasanii walikuwa sura tu. Icon ndiyo iliyoufanya wimbo uwe silaha: wimbo wako ukichezwa unapata nguvu, ukichezwa wa mwenzako unajihami. Kwenye Xbox 360 uliweza hata kutia nyimbo zako mwenyewe. Sisi tulioko kwenye mji uliolizaa kundi la hip hop la Ukoo Flani tungefaa kulithamini hilo kuliko wote. Na msisahau EA Chicago ilifungwa Novemba 2007, mwaka uleule. Hawakupata nafasi ya kurekebisha. Vendetta ilipewa Fight for NY ya kuisahihisha, Icon ilipewa nini?

MLETA MADA: Marahaba, mdogo wangu wa Tudor. Treni inamaliza pambano, kweli, lakini itazame inavyopatikana. Haiji kwa amri yako. Inakuja kwa wakati wake, wewe na mwenzako nyote mwaijua, na kila mmoja apigania kumweka mwenziwe pale. Ya Icon waiita mwenyewe kwa kuzungusha kijiti. Nakubali ilibidi umsogeze mtu kwanza, ila kumsogeza kwenyewe hakukuwa na mvutano wa maana. Hiyo tofauti naiona kubwa.

Wewe wa Likoni umenigusa penyewe. Wimbo kuwa silaha ndilo wazo bora kuliko yote katika mfululizo mzima, na AKI hawakuwahi kulifikia. Hata hoja yako ya nafasi ya pili naipokea, kwa sababu tangu 2007 hakuna gemu nyingine ya kupigana ya Def Jam kwenye mashine za nyumbani; Rapstar ya 2010 ilikuwa ya kuchana mistari kwenye maikrofoni. Lakini wazo zuri haliniambii nicheze gemu isiyonijibu vidoleni. Kwa hiyo msimamo wangu nausema wazi: ikirudi, mwili uwe wa Fight for NY, na ule mdundo wa Icon uingizwe ndani yake kwa kiasi. Wimbo wako ukipigwa mita yako ijae haraka zaidi. Mlipuko usiitwe na yeyote, uje kwa mdundo, nyote muusikie ukikaribia, na mpiganie nani asimame wapi.

Sasa nauliza waliozicheza zote mbili, na majibu nayataka ya kina. Mlipokuwa mkicheza Icon, kuna yeyote kibandani kwenu aliyekuwa habanduki, yaani bingwa anayejulikana, mtu wa kumwendea kumpa changamoto? Fight for NY kila mtaa ulikuwa na wake. Kama Icon nayo ilikuwa naye, nielezeni alikuwa akishinda kwa mbinu gani.