Ukoo wa Bi Zena: Idi na Metallica (Aprili 2023)

Salma: Idi wee mbona kimya tangu Alhamisi, tamasha la Metallica, ile bendi yako ya roki, lilikuwaje??

Idi: Nimeamka sasa hivi, sauti imekauka kabisa 😭 Shikamooni wakubwa

Shangazi Mwana: Marahaba baba. Kunywa tangawizi

Idi: Yaani Alhamisi ilikuwa Koningsdag, sikukuu ya mfalme huku Uholanzi, Amsterdam nzima rangi ya chungwa, kwenye treni hata pa kushika hamna, mi na fulana yangu nyeusi napenya tu mpaka uwanja wa Ajax

Mjomba Hashimu: Ule wa Johan Cruijff?

Idi: Huohuo mjomba. Jukwaa wameliweka katikati ya uwanja, pete kubwa, na ndani ya pete kuna mashabiki wamesimama, bendi inawazunguka

Shangazi Mwana: Sasa si unaona migongo tu?

Idi: Kuna muda ndio shangazi, James anaimba upande wa pili namwona kwenye skrini tu, ziko juu ya minara minane. Ila ngoma ziko seti nne, Lars akipiga nyimbo kadhaa anahamia upande mwingine, sasa zamu yetu ilipofika alikuwa hapa hapa mbele, ulimi nje, anainuka kwenye kiti akipiga matoazi, jasho linaruka, miaka 59 huyo!! Nilipiga kelele mpaka dada wa pembeni akanishika bega

Salma: 😂😂 walianza na upi

Idi: Orion!!! Sikutegemea. Hauna maneno kabisa, ni wa 1986, umejaa gitaa la besi la Cliff Burton, mpiga besi wao wa zamani, na mwaka huohuo akafa kwa ajali ya basi kule Sweden. Sasa besi yake anaipiga Rob, taratibu, hana papara, wanaume wazima wanafuta machozi na mimi nikiwemo

Mjomba Hashimu: 1986 mi nipo form two. Mungu amrehemu

Salma: Na jana, usiku wa pili, wakarudia zilezile?

Idi: Hata mmoja! Ndo ahadi ya ziara hii, usiku mbili hakuna wimbo unaorudiwa. Alhamisi wamefunga na Master of Puppets, jana Enter Sandman. Kwangu Alhamisi ilikuwa kali zaidi sababu ya Orion. Nyimbo mpya watu wengi walikuwa wanasikiliza tu, albamu ina wiki mbili, 72 Seasons, maana yake miaka 18 ya mwanzo ya mtu, kila mwaka majira manne

Shangazi Mwana: 18 mara 4, kweli 72. Hapo wamesema jambo, mtoto anavyolelewa miaka hiyo ndo anavyokuwa

Idi: Ndo anachoimba James shangazi, hichohicho

Mjomba Hashimu: Tuma video ya huyo wa besi

Idi: Natuma mjomba, ila vaa hedfoni, kwa spika ya simu besi hutaisikia