Kwa nini pikapu za Marekani zimekuwa kubwa kiasi hiki?

Swali

Habari zenu ndugu zangu. Ninaishi Texas, kazi yangu ni kutunza bustani za watu, na kwa miaka mingi nimetumia Ford Ranger ya mwaka 1994. Juzi nilimsaidia jirani kupakia mifuko ya mbolea kwenye pikapu yake mpya ya Ford F-150, na kila mfuko ilinibidi niunyanyue hadi kifuani kana kwamba napakia lori, ilhali bodi yenyewe, yaani sehemu ya kubebea mzigo, ni fupi kuliko ya gari langu. Ni nini hasa kilichozifanya pikapu zinenepe na kupanda juu namna hii, huku nafasi ya mzigo ikipungua?

Jibu la kwanza

Ndugu yangu, wengi husema ni tamaa ya wanunuzi, lakini naamini sheria ndiyo iliyofungua mlango. Baada ya msukosuko wa mafuta wa 1973, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1975 sheria ya kudhibiti ulaji wa mafuta, na magari mepesi ya mizigo yakawekewa masharti laini kuliko magari madogo ya abiria. Kisha mwaka 2006 kanuni za magari hayo ya mizigo, zikiwemo pikapu, zikabadilishwa, gari likaanza kupimwa kwa eneo lililo kati ya magurudumu yake manne, yaani umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ukizidishwa kwa upana kati ya tairi za kushoto na za kulia. Eneo likiwa kubwa, gari huruhusiwa kula mafuta zaidi. Pikapu ndogo ikawa ndiyo yenye mtihani mgumu, na kutanua gari kukawa nafuu kwa mtengenezaji. Ranger iliondolewa katika soko la Marekani mwaka 2011, na iliporudi 2019 ilikuwa imeshakua.

Jibu la pili

Naongeza ushuru wa mwaka 1964. Rais Lyndon Johnson, akijibu ushuru uliowekwa Ulaya dhidi ya kuku wa Marekani, alizitoza pikapu kutoka nje asilimia 25, na ushuru huo ukabaki miaka mingi baada ya ugomvi wa kuku kusahaulika, ukizizuia pikapu ndogo za kigeni kushindana na kubwa za Marekani. Hilux, ambayo huko nyumbani kila mtu anaijua, iliacha kuuzwa Marekani mwaka 1995, na Tacoma, pikapu nyingine ya Toyota, ikashika nafasi yake.

Jibu la tatu

Wenzangu, mnunuzi naye ana sehemu yake. Zamani pikapu ilikuwa na kebini ya watu watatu na bodi ya futi 8. Leo ina milango minne kwa sababu ndiyo hiyo hiyo inayopeleka watoto shule, na bodi nyingi zimebaki futi tano na nusu. Hilo naliona ni haki ya mtu. Kinachoniumiza ni boneti. Taasisi ya usalama barabarani ya IIHS ilionyesha mwaka 2023 kwamba gari lenye boneti inayozidi inchi 40 lina uwezekano wa takriban asilimia 45 zaidi wa kumuua mtembea kwa miguu linapomgonga, likilinganishwa na lenye boneti ya inchi 30 au chini iliyoinama. Mimi mwenyewe nilikaa kwenye usukani wa gari la namna hiyo, binti yangu wa miaka sita akasimama mbele yake, nami sikuona hata utepe wa nywele zake.