Ripoti yangu hakuna anayeisoma

Karani_wa_Maziwa: Wakuu, natunza takwimu za ushirika wa maziwa. Kila siku natuma faili la Excel lenye kolamu 43. Bado mabwana mifugo wananipigia: "Kituo cha juu wameleta kiasi gani jana?" Jibu limo humo humo! Nakosea wapi?

NdamaMweupe: Wanafungulia kwenye nini? Kama ni simu, kolamu 43 ni adhabu.

Mzee_Jedwali: Mwaka 2019 Zhamak Dehghani, mtaalamu wa mifumo ya data, aliandika kwamba data ichukuliwe kama bidhaa, na wanaoitumia kama wateja. Sasa wewe mteja anataka kikombe, unamtwisha pipa. Halafu hizo "kiasi" ni lita au kilo? Lita moja ya maziwa ina uzito wa kilo 1.03 hivi.

Karani_wa_Maziwa: Lo! Vituo viwili vina mizani, vingine wanapima kwa lita. Nimekuwa nikijumlisha tu, aibu yangu. Kuanzia Jumatatu natuma ujumbe wa mistari mitatu kila asubuhi: kituo, lita, yaliyokataliwa. Namba yangu ya simu nitaiweka chini ya ujumbe.

NdamaMweupe: Weka na saa uliyoandika. Maziwa ya jana si ya leo.