Fataki usiku wa manane mtaani, tunaanzia wapi kulalamika?

MamaPacha_Njiro:
Wadau wa Arusha habari zenu. Jirani yangu kuna ukumbi wa sherehe, kila wikendi harusi ikiisha wanarusha fataki saa sita usiku, na mimi nina watoto wa miezi minne wanashtuka wanalia mpaka alfajiri, mbwa nae anajificha chini ya gari anatetemeka. Mkesha wa mwaka mpya ndo usiseme, naelewa ni siku moja. Ila kila Jumamosi jamani? Hivi halmashauri haina sheria ndogo ya hili?

fundi_wa_sakina:
Pole sana dada. Anza na mwenyekiti wa mtaa, andika barua kabisa usiishie kwa mdomo, halafu nakala mpe afisa mtendaji. Fataki ni baruti, zinataka kibali, na polisi kila mwisho wa mwaka wanatangaza ni marufuku kupiga bila kibali.

Kibo70:
Huku Moshi kwetu Pasua cheche iliangukia banda la majani makavu ya ng'ombe, bahati majirani walikuwa macho wakazima kwa ndoo. Kwa hiyo sio kelele tu, moto pia. Namba ya Zimamoto ni 114, waisevu wote nyumbani.

MamaPacha_Njiro:
Asante kaka zangu. Kelele nazo NEMC, wale wa baraza la mazingira la taifa, si wanahusika? Barua naandika leo, majirani watatu wamekubali kusaini.

fundi_wa_sakina:
Wanahusika ndio, peleka na huko. Andika tarehe na saa za kila tukio.