Akifia ughaibuni, arudishwe Dar au azikwe huko huko?

Mtu wa Kago
Naanzisha mimi. Mtanzania akifia nje, kundi la WhatsApp linafunguliwa kabla cheti cha kifo hakijatoka, na neno la kwanza ni "tumrudishe". Napinga. Kwanza tuulize nani ana haki ya kusaini, na mwili uko katika hali gani. Michango ije baadaye.

Kwa wasioijua njia yenyewe: kule kunatakiwa cheti cha kifo, cheti cha kuwekwa dawa, barua ya daktari kwamba marehemu hakuwa na ugonjwa wa kuambukiza, pasipoti yake ili ifutwe, na kibali cha ubalozi wetu. Ndipo mwili unaandikishwa kwenye ndege kama mzigo. Hati ya mzigo, AWB, iwe na jina la mpokeaji mmoja wa Dar na simu inayopatikana. Wakiandika "familia ya marehemu", sanduku linatua JNIA, uwanja wa ndege wa Dar, saa nane usiku na hakuna mwenye uwezo wa kulitoa.

Majina nayo yanatutesa. Pasipoti inasema Hamisi Juma, cheti kinasema Juma Khamis. Kwetu ni mtu yule yule. Kwa karani wa kule ni watu wawili, na mmoja wao bado hajafa.

Ustadh wa Gerezani
Assalaam alaykum. Wengi wetu wa pwani ni Mashafii, yaani Waislamu wa madhehebu ya Imam Shafii. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba kuhamisha maiti kwenda mji mwingine kabla ya kuzikwa ni haramu, na wapo waliosema ni makuruhu, yaani linachukiza ila si haramu. Isipokuwa aliyefia karibu na Makka, Madina au Baitul Muqaddas (Yerusalemu). Sababu wameitaja wenyewe: mazishi yanachelewa, na mwili unahofiwa kuharibika na kuvunjiwa heshima. Sasa mtu amefia Birmingham, Waislamu wapo, wa kumwosha na kumkafini wapo, makaburi yapo. Tunamweka kwenye friji wiki mbili kwa ajili ya nini? Kama hakuna wa kumsalia huko, hapo tutazungumza vingine.

Dada wa Mochwari
Shikamoo Ustadh. Kwenye kuharibika niongeze, maana watu hudhani dawa inarudisha mwili ulivyokuwa. Hairudishi. Inasimamisha uozo pale ulipofika. Formalini iliyochanganywa na maji inaingizwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo au wa paja, kwa mtu mzima kama lita nane hadi kumi na mbili, na damu inatolewa kwa mshipa wa pili. Kwa hiyo mwili uliochelewa kuwekwa dawa, hata kama ulikuwa kwenye friji, hauwi sawa na uliowekwa siku ile ile.

Uliopasuliwa kwa uchunguzi ni kazi nyingine kabisa. Mishipa imekatwa, dawa inamwagikia tumboni badala ya kusambaa. Lazima kila mkono, kila mguu na pande zote mbili za kichwa zipigwe dawa kila moja peke yake, sehemu sita, na viungo vya ndani vilowekwe kando. Fundi akiruka hapo, mwili unavuja njiani.

Jeneza nalo lina kanuni. Mkataba wa Strasbourg wa 1973, unaofuatwa na nchi kadhaa za Ulaya, unataka mbao zisizopungua milimita 20 kwa nje, ndani sanduku la zinki au mfano wake lililochomelewa, au mbao za milimita 30 zilizotandikwa zinki kwa ndani; chini kuwe na kitu cha kufyonza maji. Ikibidi, kuwe na kifaa cha kusawazisha hewa. Ndege ikiwa juu, hewa ndani yake inapungua kama mtu yuko mlimani, mita 2,000 na zaidi. Gesi iliyomo kwenye zinki inatanuka, na mshono dhaifu unaachia.

Likifika, msikimbilie kulia juu ya kifuniko. Angalieni gunia lililofunika jeneza, hasa upande wa miguu na kwenye kona. Doa la unyevu likiwepo, mshono umeachia. Hilo halipelekwi sebuleni Mbagala kwa kuaga, na zinki haikatwi kwa mkasi wa bati eti shangazi amwone uso.

Mhazini wa Chama
Dada, nimekuelewa, lakini mnazungumza kana kwamba kaburi ni shimo tu. Mchagga anazikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo. Wanawe wakija kuulizwa mpaka wa shamba miaka thelathini ijayo, kaburi la baba ni shahidi. Kaburi lililoko Leeds halitasema kitu Marangu.

Na mchango mwingine tunautoa bila sababu. Aliyeingia Ulaya kwa viza ya Schengen alitakiwa kuwa na bima isiyopungua euro 30,000, na kurudisha mwili kumo. Iulizeni kwanza. Saudia, sheria yao ya kazi inamtaka mwajiri agharamie kuandaa na kusafirisha mwili, isipokuwa familia imekubali azikwe huko au mfuko wao wa bima ya jamii unabeba gharama hiyo. Mnaelewa kwa nini mfanyakazi akifa familia inaharakishwa kusaini karatasi ya ridhaa? Msisaini msichokisoma.

Mtu wa Kago
Kaka Mhazini, la Saudia nakubali mia kwa mia. La kihamba nalo silipuuzi, ila piga hesabu yote. Kago ni kilo: mwili, zinki na mbao huweza kupita kilo 150. Halafu JNIA si mwisho wa safari. Afya mipakani wanakagua karatasi, forodha wanaachia, kisha kuna gari la maiti hadi Marangu. Mchango mwingi huhesabu tiketi ya ndege na kusahau barabara.

Na msipange tarehe ya mazishi mapema. England na Wales mwili hautoki bila koroneri, afisa anayechunguza vifo, kuarifiwa, na ana siku nne kamili za kujibu, labda aruhusu mapema. Watu wamekwisha kodi maturubai na viti, maiti bado iko London.

Mhazini wa Chama
Sawa. Lakini umeanza na sahihi, hujaimalizia. Mke anataka azikwe huko, ukoo unataka Marangu. Nani anasaini?

Mtu wa Kago
England ni aliyetajwa kwenye wosia kuwa msimamizi. Hakuna wosia, mara nyingi ni mjane. Mwenyekiti wa ukoo akiandika barua kumi ubalozini hazibadilishi kitu, ubalozi hauna mamlaka ya kumpokonya mjane mwili. Kama mnataka Marangu, mtumeni mama mkwe ampigie huyo mjane, na apige kabla ya mchango kutangazwa.

Ustadh wa Gerezani
Na akikataa?

Mtu wa Kago
Akikataa, Ustadh, matanga yanakaa hapa, kaburi linabaki kule.