Jirani hashiki jembe lakini ni wa kwanza kuchuma sukuma. Naombeni ushauri

Nyota_Kiamunyi: Hamjambo wote. Tuko familia saba hapa Kiamunyi, Nakuru. Tulinunua kiwanja pamoja, kila mtu akajenga yake, katikati tukaacha shamba la wote: sukuma, spinachi, managu, dania. Jumamosi asubuhi kila nyumba hutoa mtu wa kulima. Kuna nyumba moja, tangu mwaka uanze sijaona jembe lao. Ila jioni msichana wao wa kazi yuko shambani na karai, na hachumi majani ya chini kama inavyotakiwa, anavunja mpaka kichwa. Sukuma ikivunjwa kichwa inadumaa. Usingizi sipati. Watu hugawanaje bila kukosana?

Min_Otis: Gaweni matuta, kila nyumba na lake. Sisi hapa Nyalenda, Kisumu, tulipanda ndizi za ploti nzima. Mkungu wa kwanza kukomaa ulikatwa usiku, na hadi leo wamama wawili hawasalimiani.

Mwalimu_Mstaafu: Binti yangu, chakula hakinyimwi mtu. Zamani hata mpita njia alichuma akaenda zake.

Mama_Managu: Hayo managu mnapikaje? Sisi Kakamega tunachemsha, tunatia maziwa, yanalala hadi kesho. Uchungu wote unaisha.

Kaka_Jembe: Dada, Januari na Februari Nakuru ni kukavu. Mlimwagilia maji ya wapi?

Nyota_Kiamunyi: Ya kisima.

Kaka_Jembe: Cha nani?

Nyota_Kiamunyi: Kiko upande wa huyo jirani. Alikichimba kwa pesa zake na stima ya pampu analipa yeye. Lakini hajawahi kutuitisha chochote! Na maji si jasho. Pampu inawashwa kwa kidole, mimi ndiye ninayeinama kupalilia.

Min_Otis: Haya sasa. Hapo juu ulisema hatoi kitu.

Nyota_Kiamunyi: Nilisema hashiki jembe, na ni kweli. Tena fundi wa seng'enge nimeshamlipa nusu. Anakuja Ijumaa, kufuli ninalo. Nyumba mbili zinaniunga mkono, zile nyingine nitaziambia lango likishasimama.

Kaka_Jembe: Na yeye akifunga bomba Jumamosi?

Mwalimu_Mstaafu: Kufuli kwenye mboga za jirani! Tumefika huko?

Mpekuzi254: Jamani, mnadanganywa. Maji ya visima Nakuru yana floridi, meno ya watoto yanageuka kahawia, na huyu anatuambia nyumba saba zinategemea kisima. Tena juzi alileta uzi humu kuhusu landilodi wake wa mtaa wa Pipeline. Leo ana kiwanja Kiamunyi?

Min_Otis: Weka picha ya shamba basi.

Nyota_Kiamunyi: Ya Pipeline ilikuwa ya dadangu, someni tena. Na nani amesema tunakunywa maji ya kisima? Kila paa lina mifereji na tangi la mvua, hayo ndiyo ya kunywa na kupikia. Ya kisima ni ya shamba na kufulia. Picha siweki, majirani wangu wako humu.

Mpekuzi254: Mtunzi hodari.

Mama_Managu: Mimi naamini. Hakuna mtu anayetunga kuhusu kichwa cha sukuma.

Kaka_Jembe: Ya kweli au ya kutunga, kuna watu wana shida hii hii. Mpigie fundi asije kwanza. Nenda kwa jirani ukiwa na wale wengine, ulizeni stima ya pampu inakula pesa ngapi kwa mwezi, gaweni kwa saba. Mkishalipa, hapo una mdomo wa kumwambia atoe mtu wa Jumamosi, na huyo msichana afundishwe kuchuma kutoka chini.

Nyota_Kiamunyi: Na pesa ya fundi? Amesema hairudi.

Min_Otis: Muulize kama anafika Kisumu. Ndizi zetu zimeanza kukomaa tena.

Nyota_Kiamunyi: Nitaongea na jirani Alhamisi. Fundi sijamkataza bado.